Kadi Isiyo na Mnyama

Karatu,
Jumapili, 5 Oktoba 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Mepukori, dereva wa ofisini kwetu. Kesho anawapeleka wageni uwanja wa ndege, na ameahidi kufika Moshi hadi wodini kwako. Ukitaka kujibu, mpe yeye. Najua tangu madaktari wakutoboe koo huwezi kusema kwenye simu, nami nikiandika meseji huwa nasema mambo nusunusu. Kwa hiyo naandika kwa mkono, kama ulivyotuzoesha tulipokuwa Japani, Baba akisoma chuo.

Nyumbani ni salama. Shangazi Sabina anakamua ng'ombe. Tembo walishuka kutoka msituni wakala migomba yote ya nyuma, lakini mboga zako hawakuzigusa.

Sasa jambo lenyewe. Baba alinipigia juzi kutoka huko hospitalini. Amesema Dada Angela, huko Japani, asiambiwe kwamba unaumwa, mpaka afanye mtihani wake wa kuhudumia wazee tarehe 25 Januari. Amesema akishindwa safari hii kibali chake kinakwisha na atarudishwa. Nikamwuliza, "Na akiulizia Mama?" Akasema, "Mwambie yuko Mbulu kwa dada yake, anasaidia kuvuna." Nikamwambia mwezi wa kumi hakuna mavuno. Akakata simu.

Wajomba wote nao wamekatazwa kumtumia picha au habari.

Mama, mimi siwezi mambo haya. Unanijua. Ofisini nikijaza vibali vya magari ya watalii yanayoshuka kreta, naangalia namba ya pasipoti mara tatu, halafu naangalia tena. Bosi wetu, Bi. Marsela, alinicheka mbele ya madereva: "Patrisi, unadhani ukiangalia mara ya nne itakuwa imebadilika?" Wakija wageni wa Kijapani naitwa nizungumze nao, na mikono inatetemeka ingawa lugha ninaijua tangu utotoni. Mtu kama mimi atamdanganyaje dada yake miezi mitatu?

Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Patrisi

*

Karatu,
12 Oktoba 2025

Dada Angela,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Nilipokea barua yako ya Agosti na picha ya makao ya wazee, pamoja na yule bibi wa miaka mia moja na mbili. Amenikumbusha Bi. Okabe, mama mwenye nyumba wetu wa Tottori.

Mama hayupo. Amekwenda Mbulu kwa mama mkubwa kusaidia kazi za shamba. Simu yake iliingia maji, na kule mtandao ni wa shida, kwa hiyo usishangae asipopatikana. Baba naye anasafirisafiri. Usipompata Jumapili, ndiyo sababu.

Wewe soma tu. Sisi hapa tunakuombea.

Mdogo wako,
Patrisi

*

Yonago,
31 Oktoba 2025

Patrisi,

Marahaba. Kazi gani za shamba Mbulu mwezi wa kumi, kuvuna mawe?

Jumapili nne sasa sijaisikia sauti ya Mama. Baba nikimpata anasema "yuko kanisani", na saa hizo kwenu ni saa kumi jioni. Misa gani hiyo? Nyuma yake nasikia vitu vya magurudumu vikisukumwa sakafuni. Mimi nafanya kazi mahali penye vitu vya magurudumu, mdogo wangu. Naijua hiyo sauti.

Kama kuna kitu, niambie. Nina siku kumi na mbili za likizo ambazo sijazichukua, na kiongozi wetu ameniuliza mara mbili nitazitumia lini. Tiketi nitaipata. Mtihani nimeusomea mwaka mzima, siku kumi na mbili hazitaufuta kichwani.

Na kama hakuna kitu, mwambie Mama mwaka unaokuja, kwa hesabu ile ya Kijapani ya mnyama kwa kila mwaka, ni wa farasi, na nangoja punda wake. Unakumbuka mwaka wa farasi uliopita, 2014? Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikaa wote mezani kuchora kadi za mwaka mpya, na Mama, ambaye hajawahi kumwona farasi karibu, akachora mnyama mwenye masikio marefu mpaka ukingoni mwa kadi. Baba akasema, "Germana, huyo ni punda." Mama akajibu, "Huyo ni farasi wa Karatu." Bi. Okabe aliibandika ile kadi kwenye jokofu, na nilipomtembelea mwezi wa tano niliikuta bado ipo.

Na mwaka huu wa nyoka? Mpaka leo nikikumbuka ulivyonieleza katekista Vedasto alivyoirudisha kadi yetu ameishika kwa koleo, nacheka peke yangu kwenye zamu, wazee wananitazama. Mwambie Mama farasi hatarudishwa na mtu. Awagawie kadi majirani wote baada ya misa kama kawaida, na mtwange mchele wa Mto wa Mbu wa vibonge vya mwaka mpya, kama kule Japani, mpaka kinu kipasuke.

Nijibu ukweli.

Dada yako,
Angela

*

Hospitalini, Moshi,
10 Novemba 2025

Patrisi mwanangu,

Mepukori huyu ni kijana mzuri. Alinisalimia kwa sauti kubwa kama mimi ndiye kiziwi, nikamwandikia kwenye daftari, "Lililoharibika ni koo, siyo masikio." Wodi nzima ilicheka. Amelipeleka blanketi langu kwa fundi na kulirudisha.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nabishana na baba yako kwa maandishi. Si kazi rahisi. Yeye anasema dakika moja, mimi naandika robo saa, na nikimaliza ameshatoka nje. Anasema mwaka 2010, mama yake alipofariki, kaka zake walimficha mpaka amalize mitihani ya chuo huko Japani, na kwamba aliwashukuru. Hivyo ndivyo anavyosema. Mimi ndiye niliyekuwa nalala naye chumba kimoja mwaka ule. Hakuwashukuru.

Daktari ameniambia, na mimi nimemwelewa. Sitafika Krismasi. Usilie ofisini, Bi. Marsela atakuuliza.

Mpigie Angela leo. Usiandike, piga simu. Mwambie mama yake anataka kumwona. Baba yako akikasirika, mwambie mimi ndiye niliyekutuma, aje kunigombeza mwenyewe, sina sauti ya kumjibu.

Ndani ya bahasha kuna kadi mbili. Unaijua desturi tuliyorudi nayo: nyumba iliyofiwa haitumi heri za mwaka mpya wala haipokei. Inatuma kadi ya msiba kabla ya Desemba kuanza vizuri, mpaka wa kijivu, bila mnyama, ili watu wajue wasiwaletee furaha. Nilipomtumia Bi. Okabe heri mwaka ule aliofiwa na mumewe, bila kujua, niliona aibu miaka miwili. Sitaki mtu aone aibu hiyo kwa ajili yangu. Moja ni ya Bi. Okabe, moja ni ya Angela. Nimeacha nafasi ya tarehe. Wewe una mwandiko mzuri, jaza.

Ile ya Angela ni endapo atachelewa tu. Lakini ukimpigia leo hatachelewa.

Mama yako

*

Karatu,
12 Novemba 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimempigia Dada Angela jana jioni. Alilia, halafu akatulia. Amesema anakuja. Ana likizo ya siku kumi na mbili na anatafuta tiketi. Amesema usijali kuhusu mtihani.

Kadi nimezipokea na nimezihifadhi vizuri. Tusizizungumzie.

Mwanao,
Patrisi

*

Hospitalini, Moshi,
18 Novemba 2025

Patrisi,

Tangu nipate barua yako nakula. Uji wa kupitishwa kwenye mpira, lakini nakula. Muuguzi amenisuka nywele. Nimemwonyesha picha ya Angela akasema tumefanana mdomo.

Baba yako sijamwambia. Nataka amwone tu amesimama mlangoni.

Ila hujaandika tarehe. Wewe huandika tarehe hata kwenye karatasi ya kununulia chumvi. Anafika lini?

Mama

*

Karatu,
28 Novemba 2025

Kwa Bi. Okabe mheshimiwa,

Nisamehe kwa makosa ya Kijapani changu, ni muda mrefu sijakiandika.

Kadi iliyomo humu ameiandika mama yangu kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nimejaza tarehe tu. Alifariki asubuhi ya Jumapili, tarehe 23 mwezi huu, hospitalini, baba na mimi tukiwapo. Tumemzika tarehe 26 hapa nyumbani, upande wa shamba unaotazama msitu.

Alikukumbuka hadi mwisho. Kwa kuwa nyumba yetu ina msiba, mwaka huu hatutaweza kukutumia salamu za mwaka mpya. Tunaomba utuwie radhi, na tunakutakia afya katika baridi hii.

Kwa heshima,
Patrisi Tluway

*

[Kadi. Juu, kwa wino mwekundu, neno la Kijapani linaloiomba posta ya kule iitunze kadi na kuifikisha asubuhi ya tarehe mosi Januari.]

Karatu,
1 Desemba 2025

HERI YA MWAKA MPYA, MWAKA WA FARASI

Kwa Angela wetu. Soma kwa bidii, kula vizuri, vaa soksi mbili.

Baba
Mama
Patrisi

[Chini, mnyama mwenye masikio marefu.]

*

Yonago,
1 Januari 2026

Patrisi,

Asubuhi hii posta imeniletea heri ya mwaka mpya kutoka kwa mama yangu, aliyezikwa wiki tano zilizopita.

Ndiyo, nilikuwa najua. Tarehe 19 Desemba nilitoka zamu nikakuta kifurushi mlangoni. Ndani mlikuwa na kasha la vijiti vya ubani wa rambirambi na barua ya Bi. Okabe. Alisema amesikitika sana, na kwamba anajua nilishindwa kumwandikia kwa uzito wa majonzi. Akanisifu. Alisema mama yangu amepata watoto wanaojua taratibu, kwa kuwa hata msibani mdogo wangu hakusahau kutuma kadi kwa wakati.

Niliisoma nimesimama, viatu mguuni. Nikafikiri amekosea, amezeeka. Nikaisoma tena. Mama wa Patrisi. Tarehe 23 Novemba.

Nilimpigia siku hiyohiyo. Nikajifanya najua yote, maana ningemwambiaje mzee wa watu kwamba yeye kaambiwa na mimi sikuambiwa? Akanisomea kadi yote kwenye simu, taratibu, kwa ile sauti yake. Habari za kifo cha mama yangu nimesomewa na mwenye nyumba wetu wa zamani.

Nyinyi sikuwapigia. Nilijiambia, labda barua yangu ipo njiani. Labda aliituma pamoja na ya Bi. Okabe, ikachelewa. Kila siku nikitoka zamu nilikuwa natazama sanduku la barua kabla ya kuvua kofia. Nimekutetea siku kumi na tatu, Patrisi. Nilisema, mdogo wangu ni mwoga lakini hawezi.

Leo ndiyo nimeipata. Na hukutaka ije mapema, uliipaka wino mwekundu ili posta ya hapa ifanye kazi yake sawasawa na kuniletea siku yenyewe. "Vaa soksi mbili." Maneno yake uliyatoa wapi? Na yule punda! Ulimchora ukiwa umekaa wapi? Mkono haukutetemeka?

Nakumbuka kitu. Tarehe 11 Novemba ulinipigia saa sita usiku wa huku. Nikapokea nimeshtuka, nikakuuliza, "Kuna nini?" Ukaniuliza kama huku kumeanza baridi. Nikakwambia ndiyo, kidogo. Ukasema, "Haya Dada, lala." Basi nilikuwa na siku kumi na mbili za likizo na mama yangu alikuwa na siku kumi na mbili za kuishi, na wewe ukaniuliza baridi.

Mtihani nitaufanya. Mwambie Baba. Nitaketi pale na kujibu maswali ya jinsi ya kumgeuza mgonjwa kitandani, jinsi ya kumlisha kwa mpira, jinsi ya kukaa na mtu anayekata roho ili asiwe peke yake. Nayajua yote.

Sasa sijui mlikuwa mnamwambia nini yeye. Hilo ndilo linaninyima usingizi. Alidhani sikutaka kuja?

Angela

*

Karatu,
20 Januari 2026

Dada,

Barua yako imefika jana. Mepukori ndiye aliyeichukua posta, akaniwekea mezani: "Mjapani, barua yako." Aliponitazama hakuendelea na utani. Bi. Marsela aliniruhusu niende nyumbani, nami kwa mara ya kwanza niliacha vibali bila kuviangalia.

Nimempa Baba aisome. Aliisoma amesimama kwenye zizi mpaka mwisho, akarudia ukurasa wa mwisho. Halafu akasema, bila kunitazama, "Mwaka 2010 niliwaambia kaka zangu nimeshukuru." Akachukua ndoo akaenda kuwapa maji ng'ombe waliokwisha kunywa.

Ameniambia nikuandikie kwamba kosa ni lake. Si kweli. Yeye alinikataza kusema. Yaliyobaki nimeyafanya mwenyewe, na nitakuandikia yote kwa utaratibu kwa sababu sijui namna nyingine.

Mama alitaka uambiwe. Aliniandikia tarehe 10 Novemba nikupigie siku hiyohiyo. Sikuthubutu, nilikaa na simu mkononi usiku kucha. Kesho yake nilipiga. Nilikuwa nimeandika sentensi yenyewe kwenye karatasi ili niisome tu. Uliposema "Kuna nini?" nilimsikia Baba kichwani mwangu, nikakuona umeanguka mtihani, umerudi Karatu na sanduku moja, na wote wananiuliza nani alisema. Nikakuuliza baridi.

Halafu nilimwandikia Mama kwamba nimekwambia na kwamba unakuja.

Kwa hiyo hapana, hakudhani hukutaka kuja. Alikusubiri. Alisukwa nywele. Nilipofika Moshi Jumamosi tarehe 22, alikuwa ameomba kitanda chake kigeuzwe kielekee mlangoni. Baba alidhani ni kwa ajili ya hewa. Baba alipotoka kununua maji, Mama alichukua daftari akaandika neno moja: "Tarehe?" Mkono wake ulikuwa dhaifu, alama ya kuuliza ilishuka mpaka chini ya karatasi. Nikachukua kalamu nikaandika: "Jumatano, tarehe 26." Nilichagua siku iliyo mbali kidogo, nikiamini kufikia hapo nitakuwa nimekwambia. Akaichana ile karatasi, akaikunja, akaiweka chini ya mto. Akanipapasa shavu. Jumapili saa nne asubuhi akafariki akiwa amegeukia mlangoni.

Jumatano tarehe 26 ndiyo tuliyomzika.

Kadi ya Bi. Okabe niliituma kwa sababu Mama aliagiza, na kwa sababu niliogopa kuvunja desturi kwa mtu mzima kama yule. Niliandika sentensi ya kumwomba asikwambie, nikaifuta. Niliona aibu mtu wa nje ajue kwamba nyumbani kwetu dada mkubwa hajaambiwa. Sikufikiri kwamba angekutumia ubani. Nilidhani nimemtii Mama nusu na Baba nusu, na kwamba nusu mbili hizo zingetosha.

Ile ya kwako niliibakiza. Baba alikuwa amekataza, ndiyo, lakini nilijitafutia na sababu nyingine ili nilale. Kadi ya msiba haiwekwi mnyama. Mama mwenyewe alikuwa ameniandikia hivyo, kwenye barua ileile. Na bado kwenye kadi yako, pembeni chini, alikuwa amemchora mmoja. Nilijiambia mgonjwa amesahau, kadi hii ina kasoro, siwezi kuituma ikiwa hivi. Niliishughulikia kama kibali chenye namba iliyokosewa. Kisha nikaketi na kumnakili huyo mnyama kwenye kadi ya uongo. Umeniuliza kama mkono ulitetemeka. Haukutetemeka. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu.

Mwaka huu hatukutwanga mchele. Tarehe mosi, baada ya misa, katekista Vedasto alisimama mlangoni pa kanisa kama anayengoja kitu. Hatimaye akaniuliza, "Safari hii ni mnyama gani?" Nikamwambia farasi. Akasema, "Huyo ningempokea."

Nakuletea vitu viwili. Cha kwanza ni ile karatasi ya daftari. Wauguzi walitukabidhi pamoja na nguo zake. Swali ni lake, jibu ni langu. Cha pili ni kadi yako. Sijajaza tarehe. Alinipa mimi kazi hiyo, lakini mkono wangu usiguse tena kitu chake. Jaza wewe ukiweza. Barua hii itakufikia baada ya mtihani. Safari hii sikuipanga hivyo.

Sikuombi unijibu.

Patrisi

*

[Kadi. Mpaka wa kijivu uliopakwa kwa penseli.]

Angela,

Mwaka huu nyumba yetu ina msiba, kwa hiyo hatutumi heri za mwaka mpya. Germana, mke wa Tluway, mama wa Angela na Patrisi, amefariki tarehe ..................

Usilie ukiwa kwenye zamu, wazee watashtuka. Kula vizuri. Vaa soksi mbili.

Najua kadi hii haiwekwi mnyama. Lakini uliniomba tangu mwaka jana, na mwaka wa farasi mwingine sitakuwepo. Huyu hapa. Ni farasi.

Mama